Guilala wa 2008 hajavunjiwa heshima

Ndugu, umeuliza kama ile filamu ya vichekesho ya 2008 imemdhalilisha Guilala. Hapana kabisa! Dubwana hili la studio ya Kijapani ya Shochiku lilipewa filamu yake mwaka 1967, kisha likaachwa kando huku dubwana mwenzake maarufu, Godzilla, akizidi kutamba. Katika filamu ya 2008, mwongozaji Minoru Kawasaki kalirudisha, safari hii likivamia mji wa Sapporo, viongozi wa G8 (kundi la mataifa manane makubwa kiuchumi) wakiwa mkutanoni Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, na kila mmoja ana mbinu yake ya kuliua; zote zinagonga mwamba. Nilicheka mpaka machozi. Wanaochekwa hapo ni wakubwa wa dunia, si Guilala! Hata picha za 1967 za kubomoa majengo zimo, na ule mdomo wake kama wa ndege haukuguswa. Take-Majin, mungu anayepambana na Guilala, kwa sauti ya mchekeshaji wa Kijapani Beat Takeshi, ndiye aliyenichosha kidogo. Itazame, ila anza na ile ya 1967.