Shangazi, mwanangu akiskia adhana anaziba masikio

SUALI: Asalaam alaikum shangazi. Mie niko Wete, nna mtoto wa kiume ana miaka minne hasemi neno la mana, alishaanza "mama" na "maji" halafu yote yakapotea. Ukimwita hageuki ila fungua pakti ya biskuti chumba cha pili, huyo kashafika. Linalonitesa zaidi ni adhana, ikianza tu anaziba masikio na kupiga makelele, basi mkwe wangu ashaamua kuwa hilo ni jini linakimbia adhana. Kombe, yale maji yaloosha maandishi ya aya, kanywa, kwa mganga tumekwenda akamfukiza mpaka kikohozi kikamshika. Dakta katwambia ni usonji, yaani ubongo wake umekua kwa njia nyengine ndo mana kusema na kuchanganyika na watu kunamuia vizito. Sasa jirani kanambia ipo jumuiya ya wazazi wa watoto kama hawa lakini mume wangu hataki, ati watampiga picha mtoto wawapelekee wazungu wachangiwe. Niende nisende? Na huko watampa dawa gani?
Mama Wete

JAWABU: Waalaikum salaam mwanangu, pole. Nianze na adhana mana naona hapo ndo panapokuunguza. Hebu kumbuka, blenda ikiwashwa jikoni anafanyaje? Na fataki za sikukuu, na vespa ilotoboka eksozi? Naapa atakuwa anaziba vilevile. Watoto wengi wenye usonji sauti kubwa inawaumiza kweli, si deko, na kama spika ya msikiti imeelekea dirishani kwenu ndo basi tena. Jini linalokimbia blenda mie sijaliskia bado, mwambie mkwe wako kwa adabu. Dua na kombe siwezi kukukataza, ila moshi, kumfungia ndani na kumpiga ati atoke sheitani, hayo basi, yaishe leo.

Kapimwe masikio pia, hata kama biskuti anaiskia, mana mtoto anaweza kuskia sauti nyengine na nyengine zikampita. Na hayo maneno yaliyopotea mwambie dakta usimfiche, ataka ajue yalipotea lini na kama mtoto huwa anashtuka au kukodoa macho akapotea kidogo, kifafa na usonji hukutana sana.

Haya, jumuiya. Dawa hawana, na dawa ya kuondoa usonji haipo popote duniani, kwa hiyo yeyote anaekuahidi atamponya, awe na sindano, vidonge au mafuta, mkimbie na pesa zako mkononi. Wanachokupa jumuiya nzuri ni ujuzi wewe mzazi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9, vikao 9 vya pamoja na kutembelewa nyumbani mara 3, na mambo yake ni ya hapohapo nyumbani. Chukua hiyo biskuti anayoipenda, itie kwenye chupa aione ila asiweze kuifungua, sasa lazma aje kwako. Akija, inama muwe sawa macho, subiri kidogo, sema "biskuti", mpe. Akikuvuta mkono au akaonyesha picha ya biskuti hesabu kuwa kasema, mpe hapohapo usimkatalie mpaka atamke. Wengine wanaogopa kuwa picha na ishara zitamfanya mvivu wa kusema, si kweli.

Mumeo nae ana lake la haki, picha za watoto wetu zimechezewa sana. Basi nendeni nyote wawili na muulize kavukavu: tukikataa picha mtoto atahudumiwa? Wazazi wamo kwenye kamati? Hesabu za pesa zinasomwa mbele ya wanachama? Wakianza kung'ata maneno, mnarudi zenu. Kwa huku kwetu Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili, wengi wanaiita ZAPDD, ipo tokea 1999, usonji si kitu kimoja na ulemavu wa akili lakini anzia hapo, muulize na sheha wako, kiongozi wa shehia yenu. Wao ni katika walosukuma elimu mjumuisho ndani ya skuli za kawaida, kwa hiyo mwalimu mkuu akikwambia "mtoto huyu si wa hapa" usiondoke kwa machozi, rudi na jumuiya. Na mkwe mchukue siku moja, akikaa na bibi wenziwe wenye wajukuu kama hao atalainika kuliko ukimhubiria wewe.

SUALI: Shangazi, mdogo wangu hataki mwanawe achanjwe surua, kaskia inaleta usonji. Kweli?
Baba Jang'ombe

JAWABU: Si kweli. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika kuhusu watoto 12 tu akiihusisha chanjo yenye surua na usonji, ikagundulika kazi ile imechakachuliwa, jarida la madaktari la Lancet liloichapisha likaifuta 2010 na yeye akafutwa udaktari. Watoto malaki kwa malaki wamefatiliwa baada yake, wa chanjo na wasochanjwa, tofauti hakuna. Dalili za usonji huanza kuonekana umri uleule wa chanjo ndo mana watu wanaunganisha. Surua lakini inaua na inapofua macho, mwambie ampeleke wiki hii.