UConn ya Thabeet iliishia wapi 2009?

Mkuu, umeuliza kama UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) ya Hasheem Thabeet ilibeba kombe la mpira wa kikapu la vyuo Marekani mwaka 2009. Hapana, iliishia nusu fainali. Michigan State waliwapiga 82-73 pale Detroit, jimboni Michigan, tena mbele ya mashabiki wa nyumbani wa Michigan State.

Ila msimu ulikuwa mtamu: ushindi 31, vipigo 5. Kwa mtazamo wangu kilichowagharimu ni goti la mchezaji wao Jerome Dyson, lililoumia Februari. Bila yeye mashambulizi yakapwaya. Halafu ile mechi na Syracuse, New York, muda wa nyongeza mara sita! Wakalala 127-117, saa saba usiku imeshapita. Thabeet wetu wa Dar, futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili timu za NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, zilipochagua wachezaji wapya Juni 2009.