Uliza Ujibiwe: Nikigeuza waya za mita namba haibadiliki, sasa huo umeme unaochagua upande ukoje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu na redio, kibanda changu kipo Igoma, Mwanza. Mdogo wangu anasoma fizikia chuo, likizo hii kaja na habari ya manganaiti, eti ukiitandaza nyembamba sana umeme unapita vizuri upande mmoja, upande mwingine unasumbuka, na sumaku yake nayo inachagua upande. Nikamkatalia, mimi napima rezista kila siku, nageuza waya nyekundu na nyeusi namba ni ileile. Tumebishana mpaka mama akatutoa sebuleni. Nani yuko sahihi? Na hizo vitu zimo kwenye simu ninazofungua?
Fundi wa Igoma

JIBU: Marahaba fundi. Wote mko sahihi ila kila mtu anaongelea kitu chake. Ukigeuza waya, njia ya umeme ni ileile, umebadilisha tu mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mdogo wako anaongelea kubadili njia yenyewe, yaani una kipande cha mraba, unapitisha umeme mashariki magharibi unapima, halafu unapitisha kaskazini kusini unapima tena, na namba hazifanani. Rezista ina miguu miwili, haikupi nafasi hiyo. Na sumaku ni hivyohivyo, haipendelei ncha fulani, inapendelea mstari, ikilala juu ya huo mstari kichwa huku au kule kwake ni sawa, kuilazimisha ikae kukingama ndo kazi. Hiyo tabia wanaiita anisotropia.

Manganaiti ninazosema, yaani oksidi za manganizi zenye usumaku, si za kuchimba, zinapikwa maabara. Moja maarufu ina lanthanamu, strontiamu, manganizi na oksijeni. Wanapiga leza kwenye kidonge chake, mvuke unatua juu ya kipande cha fuwele nyingine (kitu ambacho atomu zake zimepangwa kwa safu) na kujenga utando wa nanomita kumi kumi hivi, nanomita moja ni mita ukiigawa kwa bilioni, na uchaguzi mwingi wa upande unatoka hapo chini, kwenye hiyo fuwele iliyobeba utando.

Ukishuka Kirumba mwaloni kaa na wanaoshona nyavu za sangara. Shika nyavu, macho yake ni kama almasi, ivute kwa upana uone, macho yanafunguka kwa upana na yanapungua urefu, hujakata uzi hata mmoja ila nyavu imepata upande. Atomu za utando nazo zinavutwa hivyo ili zikae sawa na za chini. Manganaiti hiyo nafasi ya atomu zake ni kama nanomita 0.388, ukiiweka juu ya fuwele ya strontiamu titaneti yenye 0.3905 inavutwa kwa mapana na kunywea kimo, na sumaku yake inalala chali ndani ya utando. Ukiiweka juu ya lanthanamu alumineti yenye 0.379 inabanwa, inapanda kimo, na sumaku inasimama wima. Manganaiti ni ileile, kilichobadilika ni kitanda tu, yaani fuwele ya chini, na hapo ndo mimi huwa nanyoosha mikono! Kuna vitanda vingine vinavuta upande mmoja kuliko mwingine, hapo sumaku inapata mstari mmoja wa kulala. Hata ngazi zinatosha, fuwele ikikatwa mshazari kidogo tu inabaki na vingazi vya kimo cha atomu, kama nyumba zetu zilivyopangwa kwenye mawe ya vilima, na sumaku inapenda kulala kufuata ngazi, umeme nao ukizivuka unapata taabu zaidi kuliko ukizifuata.

Kwanini umeme na sumaku vinaenda pamoja? Kwa sababu elektroni inaruka kutoka manganizi moja kwenda nyingine kwa kupitia oksijeni katikati, na inaruka kirahisi kama visumaku vya hizo atomu mbili vimeelekea sawa. Mwanafizikia Clarence Zener alilieleza hilo mwaka 1951. Sasa ukivuta nyavu, ule mkunjo wa manganizi oksijeni manganizi unabadilika, kwahiyo umegusa vyote kwa mpigo. Na mwaka 1994 watafiti Marekani walionyesha utando wa manganaiti aina yenye kalsiamu badala ya strontiamu ukiwekwa kwenye baridi kali na sumaku yenye nguvu, ukinzani, yaani ile namba ya mita yako, unashuka zaidi ya mara elfu.

Kwenye simu hutazikuta, bado ni za maabara, na ile yenye kalsiamu inapoteza usumaku kabla hata haijafika joto la barafu kuyeyuka, ya strontiamu ndo inavumilia mpaka karibu na maji ya kuchemka. Ila dira ya baadhi ya simu inatumia utando wa nikeli na chuma ambao ukinzani wake unabadilika kufuatana na pembe kati ya umeme na sumaku, kitu ambacho mwanafizikia William Thomson alishakiona kwenye chuma miaka ya 1850.

Mkitaka kumaliza ubishi nenda kwa fundi seremala omba kipande cha mbao mbichi, bado ina maji. Gonga misumari miwili kufuata nyuzi za mbao, na mingine miwili kukata nyuzi, umbali uleule, kina kilekile. Weka mita kwenye megaomu, pima pande zote mbili, na waya geuza unavyotaka. Kukata nyuzi ndo utaona namba kubwa.