Swali la Lugha: Niutoni 400 na niutoni 300 ni ngapi?

SWALI: Nasoma uhandisi mwaka wa kwanza. Nikiwaeleza wenzangu kwa Kiswahili, niliandika: "Nguzo inavutwa na nguvu ya niutoni 400 na nyingine ya niutoni 300, jumla niutoni 500." Mwenzangu anashikilia kuwa jumla ni 700 na kwamba kosa langu ni la lugha. Je, ni kweli? Na wingi wa vekta ni "mavekta"?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi endapo nguvu hizo mbili zinaivuta nguzo kwa pembe ya digrii 90 baina yake, lakini sentensi yako haikulitaja hilo, na aliyeisoma peke yake alikuwa na haki ya kujumlisha 400 na 300 kama anavyojumlisha kilo za sukari. Kwa hiyo, ikiwa pembe ni hiyo, mwenzako amekosea jibu, ila kuhusu lugha ana hoja.

Vekta ni kipimo chenye ukubwa na mwelekeo, kama zilivyo nguvu zako hizo mbili. Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, na maana yake huko ni mchukuzi: kitu kinachochukua kingine kutoka hapa hadi pale. Sifa hiyo ya "hadi pale" ndiyo inayoitenga vekta na skala, ambayo ina ukubwa tu, kama vile tungamo au halijoto. Kiswahili kina njia yake ya kuibeba, nayo ni kauli ya kutendea. Anayekimbia tunaweza kumpimia mwendo wake, lakini anayekimbilia sokoni tunajua pia anakoelekea. Vivyo hivyo kusukuma toroli na kulisukumia ukutani, kutupa jiwe na kulitupia mtoni. Ni kweli kwamba kauli hii ina kazi nyingine, kwa maana anayewapikia wageni haelekei popote, lakini vitenzi vya mwendo na vya kusukuma vikiipokea, mara nyingi huonyesha upande. Panapohitajika usahihi wa kihandisi, ongeza "kuelekea" na utaje upande wenyewe.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa neno mwendokasi. Mabasi mawili yanayopishana katika Barabara ya Morogoro, moja likienda Kivukoni na jingine Kimara, yote yakiwa katika kilometa 40 kwa saa, yana mwendokasi mmoja, ilhali vekta zake zinapingana. Napendelea mwendokasi ubaki kuwa skala, na penye mwelekeo tuseme velositi.

Kuhusu wingi, vekta imeingia katika ngeli ya I-ZI pamoja na kalamu na baiskeli: vekta hii inaelekea juu, vekta hizi zinaelekea juu. "Mavekta" husikika, lakini mimi siliandiki. Badala ya nguvu, tumia kani, kwa kuwa nguvu tumeitwika mengi mno, kuanzia nguvu za mwili hadi nguvu ya hoja.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Waya mmoja unaivuta nguzo kuelekea mashariki kwa kani ya niutoni 400, na wa pili kuelekea kaskazini kwa kani ya niutoni 300; jumla ya vekta hizo mbili ni kani ya niutoni 500, inayoelekea kati ya mashariki na kaskazini, takriban digrii 37 kutoka mashariki." Hizo 500 ni upande mrefu wa pembetatu mraba ambayo pande zake fupi ni 300 na 400. Waya zote mbili zingeelekea mashariki, mwenzako angekuwa sahihi kwa 700. Zingevutana, mmoja mashariki na mwingine magharibi, ingebaki niutoni 100 tu kuelekea mashariki.