Kabla hujaandika mradi wa tabianchi: weka sawa mafaili ya ofisi

Ukipangiwa dawati la mazingira, iwe halmashauri, wizarani au kwenye asasi, haitachukua muda utaambiwa "tuandikie mradi tupate fedha za tabianchi". Usikimbilie kuandika. Jua kwanza mlango wa kupita.

Mfuko wa Tabianchi wa Kijani, GCF, wenye makao yake Songdo, Korea Kusini, haupokei andiko la mradi moja kwa moja kutoka kwa halmashauri. Andiko hupitia taasisi yenye ithibati ya mfuko huo, likiwa na barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka mamlaka teule ya nchi. Kwa Tanzania mamlaka hiyo ni Ofisi ya Makamu wa Rais. Kwa Kenya ni Hazina ya Taifa. Benki ya CRDB ilipata ithibati ya GCF mwaka 2019. NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira la Tanzania, kwa upande wake, ina ithibati ya Mfuko wa Uhimili (Adaptation Fund), ambao ni mfuko mwingine wenye fomu na masharti yake. Wengi huichanganya mifuko hii miwili, na miezi inapotea hapo.

Ithibati yenyewe ina mipaka. Husema taasisi inaruhusiwa miradi ya ukubwa gani (midogo kabisa ni hadi dola milioni 10, midogo hadi 50, ya kati hadi 250), athari za kiwango gani kwa mazingira na jamii (kundi A, lenye athari kubwa zaidi, B au C), na kazi ipi: kusimamia mradi, kugawa ruzuku au kukopesha. Soma mipaka hiyo kabla ya kuomba kikao. Mpango wa kilimo wa CRDB ulioidhinishwa mwaka 2021, wa dola milioni 200, nusu kutoka GCF na nusu kutoka benki, umejengwa juu ya mikopo. Kama wazo lako ni kurudisha mikoko na hakuna wa kurejesha mkopo, ujue mazungumzo yatakuwa mafupi.

Sasa tuje kwenye hoja ya tabianchi, maana hapa ndipo maandiko mengi yanapokwama. Chukua kijiji cha Dodoma chenye shida ya maji. Andiko linasema akina mama wanatembea mbali, watu wameongezeka, kisima ni kimoja. Yote ni kweli, lakini mpitiaji atauliza: hali ya hewa isingebadilika, shida hii isingekuwepo? Ukosefu wa miundombinu peke yake una wafadhili wengine. Unatakiwa uonyeshe mvua imebadilikaje, badiliko hilo limefanya nini kwenye maji ya ardhini, nani ameumia, na kitu unachokiombea fedha kinazuia madhara hayo mahali gani hasa.

Omba takwimu za mvua za kila siku kutoka TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, za miaka 30 au zaidi. Jumla za mwaka hazitoshi. Jumla inaweza kubaki ileile huku mvua zikichelewa kuanza, zikikatika Februari mahindi yakiwa yanachanua, kisha zikarudi kwa siku chache za mafuriko. Barua ya maombi itaje kituo, miaka na aina ya takwimu, na bajeti iwepo kwa sababu mara nyingi hulipiwa. Kituo kikiwa na mapengo, sema, na ueleze ulivyoyaziba, kwa mfano kwa takwimu za CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayotokana na satelaiti na vituo, zinazoanzia mwaka 1981. Pengo lililoelezwa husameheka. Lililofichwa likigundulika, hata takwimu zako nzuri zitatiliwa shaka.

Kwenye gharama, tenganisha maendeleo ya kawaida na nyongeza ya tabianchi. Karavati ambalo halmashauri ingelijenga vyovyote vile ni la halmashauri. Unachoweza kukitetea GCF ni tofauti ya bei kati ya hilo na lile kubwa zaidi linalohimili mafuriko yanayotarajiwa. Mfuko wa Uhimili ni tofauti: hulipa gharama yote ya kuhimili na hauhitaji mchango wa nchi, ila ada ya taasisi isimamiayo haivuki asilimia 8.5. Ukitaja mchango wa nchi, ambatanisha barua iliyosainiwa yenye kiasi, muda, na kama ni taslimu au ni magari na mishahara. "Serikali itachangia" haihesabiki. Andika pia kiwango cha kubadilishia dola na tarehe yake, na uhakikishe jumla iliyo kwenye maelezo ndiyo iliyo kwenye jedwali. Kichekesho ni kwamba hata hili la mwisho linaweza kurudisha andiko.

Nyaraka za athari kwa mazingira na jamii za mradi wa kundi B hutangazwa siku 30 kabla ya uamuzi wa bodi. Za kundi A siku 120. Muhtasari wa Kiswahili unatakiwa, kwa hiyo mpe mfasiri kazi mapema, si wiki ya mwisho.

Ofisi yenu ikitaka ithibati yake yenyewe, kama Wizara ya Mazingira ya Rwanda iliyopata mradi wa Gicumbi mwaka 2018, sera nzuri kwenye kabati hazitatosha. Wapitiaji wanataka ushahidi kwamba zinatumika: ripoti za ukaguzi wa ndani, mihtasari ya kamati ya ukaguzi, zabuni moja kamili kuanzia tangazo hadi malipo, daftari la malalamiko lenye malalamiko ndani yake. Daftari tupu linaleta maswali. Anzeni kuyapanga mafaili hayo leo, hata kama maombi ni ya mwaka kesho.

GCF ina dirisha la kujenga utayari (Readiness), yaani fedha za kuiandaa nchi na taasisi zake: kwa kipindi cha 2024 hadi 2027 nchi inaweza kupata hadi dola milioni 7, ikiwemo milioni 3 za mpango wa taifa wa kuhimili. Kwa maandalizi ya mradi kuna hadi milioni 1.5. Fedha hizi huyeyuka kwenye warsha hotelini na posho, na ripoti nzuri ya mtaalamu mwelekezi. Mwelekezi aajiriwe, lakini mkataba umlazimishe kukabidhi faili za Excel zenye fomula zake, takwimu ghafi na majina ya vituo, na afisa wenu aandike naye sura kwa sura. Maswali ya wapitiaji huja miezi mingi baadaye, mwelekezi akiwa na kazi nyingine, na atakayeyajibu ni wewe.