Jibu: Kupima afya ya diski ni kazi ya mfumo endeshi?

Mkuu, umeuliza kama mfumo endeshi uje na zana yake ya kufuatilia afya ya diski, au kazi hiyo ibaki kwa programu za nje. Mimi nasema uje nayo, tena ikiwa imewashwa tangu mwanzo. Anayejua kutafuta smartmontools, programu ya nje ya kusoma afya ya diski, tayari anajua diski hufa. Anayehitaji onyo ni yule ambaye SMART, yaani utaratibu wa diski kujipima afya yenyewe, hajawahi hata kuusikia.

Data zenyewe zipo. Diski inajihesabia: katika orodha ya SMART, namba 5 ni idadi ya sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) mbovu ambazo nafasi zake zimekwisha kuhamishiwa sekta za akiba, 197 ni zile zenye shaka zinazosubiri kuamuliwa. Hiyo 197 ikitoka sifuri na kuendelea kupanda, usibishane nayo, hamisha mafaili usiku huohuo. Disk Utility ya macOS inakupa hali ya jumla tu, na diski inaweza kusomeka nzima huku sekta zikizidi kuoza. Windows 11 imejitahidi, inakadiria maisha yaliyobaki, lakini kwa NVMe tu, yaani aina ya SSD zenye kasi.

Ila tusibweteke. Utafiti wa Google wa mwaka 2007 ulikuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha hata moja ya dalili kuu nne za SMART. Kwa hiyo alama ya kijani isimpumbaze mtu akaacha kuweka nakala pembeni. Na diski za USB? Baadhi ya makasha hayapitishi data hizo kabisa. Hapo mfumo useme wazi kwamba haujui, usinyamaze.