Unaunganisha ofisi mbili? Weka mtu wa simu upande wa pili

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kuunganisha ghala na ofisi yake kuu, kama kilomita tatu kwa redio. Nilifunga vifaa pande zote mbili peke yangu, nikawasha vyote kwa mpigo, nikaanza kuhamisha mafaili ya mauzo. Kimya. Siku nzima nilikuwa juu ya bodaboda, mara huku mara kule, nagusa hiki, nabadilisha kile, hadi jioni sikukumbuka tena nilichogusa. Kumbe nilikosea tarakimu moja tu ya anwani ya mtandao kwenye kifaa cha kule ghalani.

Baadaye nikasoma jinsi ARPANET, mzazi wa intaneti, ilivyojaribiwa usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969. Charley Kline, mwanafunzi wa chuo cha UCLA, Los Angeles, alitaka kuingia kwenye kompyuta ya taasisi ya SRI, Menlo Park, zaidi ya kilomita 500 kutoka pale. Huku anaandika, alikuwa anaongea kwa simu na Bill Duvall wa SRI. Akaanza neno LOGIN, yaani "ingia": akaandika L, akauliza kama imefika. Imefika. Akaandika O, nayo ikafika. Kufika G, kompyuta ya SRI ikagoma.

Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya zile herufi mbili, LO. Mimi naipenda ile simu. Kwa sababu yake walijua palepale kwamba laini ni nzima na ubovu uko SRI. Duvall akarekebisha programu, na kama saa moja baadaye Kline akaingia. Kwenye daftari la UCLA wakaandika mstari mfupi, saa 22:30, kwamba wamewasiliana na SRI. Ukurasa ule upo hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu fundi, usianze kabla hujapata mtu upande wa pili. Si lazima awe mtaalamu; mlinzi anayeweza kukutajia rangi ya taa anatosha. Tuma kitu kidogo, muulize ameona nini, ndipo uongeze. Badilisha kimoja kimoja, na uandike saa kwenye daftari la karatasi, maana mtandao ukikatika, maandishi yako ya mtandaoni huyapati.

Majuzi msaidizi wangu alikuwa mama wa mapokezi. "Mwanangu, ulipochomeka hiyo waya, taa ya pili huku imezima," akaniambia. Nikaichomoa. Ikawaka.